Kabla Hujasema Inanifaa

Rehema mwanangu,

Shikamoo yako ya jioni niliisikia, ingawa uliitoa ukiwa umeangalia ukuta. Marahaba. Salamu zimeishia hapo. Nina hasira, na nimemwomba shangazi yako karatasi niandike kabla hazijapoa, maana najijua. Zikipoa nitakukorogea uji asubuhi, nitakuombea dua, utapanda gari la Mikumi, na maneno yenyewe nitabaki nayo kifuani.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji wala kufunga mlango. Hayo umekulia nayo, na huko chuo cha kilimo wamekufundisha mengine ambayo mimi siyajui. Nakuandikia habari ya baiskeli.

Leo dukani ulisema neno moja, "Inanifaa," na neno hilo ndilo lililonichoma. Ngoja nikueleze ilivyokuwa, maana najua wewe unaikumbuka kwa namna yako. Wewe unamkumbuka mama mwenye goti bovu akipiga kelele mbele ya watu. Mimi nakumbuka hivi.

Ndugu Katibu wa kijiji unachokwenda kufanyia kazi alikuja toka Mikumi kukupokea. Wanakijiji wake wamechanga ili bibi shamba wao mpya apate baiskeli ya kuzungukia mashamba. Jambo zuri, sikulipinga na silipingi. Mzee Saidi mwenye duka akaitoa nje, nyeusi, inang'aa, makaratasi ya kiwandani bado yamezungushwa kwenye bomba. Fremu ya inchi ishirini na nne. Wapita njia wakasimama. Katibu akapiga kengele, watu wakafurahi. Akakuambia, "Haya dada, gari lako hilo. Linakufaa?"

Na wewe, hujaigusa hata kwa kidole, ukajibu, "Inanifaa sana, Ndugu Katibu. Ahsanteni."

Nikasema, "Apande kwanza."

"Atapanda huko huko, mama," akasema Katibu. "Barabara ipo, haiendi popote."

"Basi asimame tu, bomba lipite kati ya miguu yake. Simama, Rehema."

Ulisimama, na mimi nilikuwa nakutazama miguu. Visigino vyote viwili vilikuwa hewani. Bomba la juu limekubana, umeushika usukani kama mtu anayening'inia kwenye tawi, na bado unatabasamu. Unatabasamu! Nani alikufundisha kutabasamu ukiwa unaumia?

Katibu akasema, "Kiti kinashushwa, mama. Hilo si tatizo."

"Kiti kitashuka. Na bomba nalo litashuka?"

Watu wakacheka, wakimcheka yeye, na hapo ndipo nilipoharibu mambo, maana mtu akishachekwa hadharani hasikii tena. Akakunja uso. "Mama, hii si baiskeli ya binti yako. Ni baiskeli ya kijiji. Leo anapanda yeye, kesho akihamishwa atapanda mwingine. Lazima tuchukue itakayomfaa kila mtu."

"Kila mtu ndiye nani?" nikamwuliza. "Ana urefu gani huyo kila mtu?"

Ulinijibu wewe. Ulinivuta kanga ukaninong'oneza kwa meno yaliyofungwa, "Mama, unaniaibisha. Nimeshasema inanifaa."

Nikaondoka pale nikichechemea, na nyuma yangu nikamsikia Katibu akisema kwamba wazee wetu hawa wanahitaji kueleweshwa polepole. Mimi ni mzee, Rehema? Nywele zangu hazijaanza hata mvi.

Sasa sikiliza habari ya goti hili. Wewe unajua nilianguka. Ulikuwa hujaanza shule, lakini najua unakumbuka nilivyoletwa nyumbani kwenye machela ya miti, maana ulilia mpaka ukapoteza sauti. Unachojua ni kwamba mama alianguka na baiskeli, kazi ikamshinda. Ndivyo ulivyoambiwa na kila mtu pale Msowero, na mimi sikukuambia tofauti, kwa sababu kila nilipotaka kusema hasira zilinitangulia.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo mwanzo baada ya Uhuru. Mimi nilikuwa nimesoma mpaka darasa la nne, na wanawake wa rika langu waliosoma hadi hapo walikuwa wachache sana. Nikachaguliwa kwenda mafunzo mafupi hapa Kilosa, tukafundishwa ushonaji, usafi wa visima, chakula cha watoto. Tuliporudi tukaitwa mabibi maendeleo. Jamani, jina lile! Nilikuwa nikilitamka peke yangu shambani. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka toka Msowero hadi Rudewa, kambi moja ya mkonge hadi nyingine, vitongoji vyote vya katikati, nikakae na wanawake wenzangu.

Wakanipa baiskeli kwenye mkutano. Ngoma ilipigwa. Kuendesha nilikuwa najua, kaka yangu alinifundisha nikiwa msichana kwa baiskeli kuukuu ya mnyapara, fupi fupi, miguu ilikuwa ikifika chini bila shida. Hii mpya ilikuwa ndefu. Niliiona kwa macho tu kwamba ni ndefu. Kiti chake kilikuwa sawa na kifua changu. Mwenyekiti akaniuliza mbele ya umati, "Bibi, inakufaa?" Wanawake wakapiga vigelegele kabla sijafungua mdomo. Ningesema nini? Nikasema, "Inanifaa sana. Ahsanteni."

Maneno yako ya leo, Rehema. Yale yale, kwa mpangilio ule ule. Nilipoyasikia yanatoka kinywani mwako nilitaka kukuziba mdomo kwa mkono wangu.

Ngoja nikueleze inavyokuwa kuendesha fremu isiyo yako. Kiti tulikishusha mpaka mwisho, na bado pedeli ikifika chini mguu wangu ulikuwa unaipoteza. Kwa hiyo nilikuwa nakata kiuno, kushoto, kulia, kushoto, kulia, mapaja yanachubuka, na ikifika jioni nikiketi naketi upande upande. Usukani ulikuwa mbali, mikono imenyooka kama ya mtu anayesukuma mkokoteni, mabega yanawaka moto. Kushusha kiti hakuleti usukani karibu. Hilo hakuna aliyeniambia, mwili ndio ulioniambia.

Na kupanda! Sikuweza kupanda nikiwa nimesimama chini. Nilihitaji kichuguu, au kisiki, au ukingo wa mtaro. Nikishuka mahali ambapo hapana kitu cha kukanyagia, naisukuma mpaka nikipate. Nilivijua vichuguu vyote vya njia ile kuliko nilivyozijua nyumba za wanawake niliotumwa kwao. Nyumba zisizo na kichuguu karibu nikawa nazipita. Nikawa napunga mkono nikiwa juu, "Habari za hapa, nitarudi!" na sirudi. Wanawake wakaanza kusema bibi maendeleo anajivuna, hashuki kwenye baiskeli yake.

Hilo liliniuma kuliko mapaja. Lakini nilimwambia nani? Hakuna. Nilijiambia kosa ni langu. Nilijiambia mimi ndiye mfupi.

Siku niliyoanguka hapakuwa na mvua, wala sikuwa nakwenda mbio. Ng'ombe walikuwa wanavuka njia, wachache, wametulia, kijana wa wafugaji yuko nyuma yao na fimbo. Nikashika breki. Mtu mwenye baiskeli ya kipimo chake akishika breki anaweka mguu chini, basi, habari imekwisha, anasubiri ng'ombe wapite. Mimi nilishika breki nikatafuta ardhi kwa mguu, na ardhi haikuwepo. Nikaenda upande, baiskeli nzima juu yangu, goti likiwa kati ya bomba na jiwe. Nilisikia likivunjika. Ng'ombe hawakushtuka hata kidogo.

Nikiwa kitandani wakafanya kikao. Sikuitwa. Baadaye mwenyekiti akaja kunijulia hali, akaleta sukari, akaniambia, "Pumzika dada. Tumeonelea kazi hii ni nzito kwa mwanamke. Barabara mbaya, na baiskeli nayo si chombo cha kina mama." Nikamwambia asante. Ndiyo, nilimwambia asante!

Siku chache baadaye akaja kijana waliyemweka mahali pangu kuchukua baiskeli. Alikuwa mrefu, miguu kama ya korongo. Baba yako, Mungu amrehemu, akamtolea baiskeli uani. Mimi nilikuwa nimeegemezwa mlangoni, mguu umefungwa vijiti. Yule kijana akapitisha mguu mmoja juu ya bomba, akasimama. Nyayo zote mbili chini, visigino vimekanyaga mchanga, na kati ya bomba na mwili wake pana nafasi ya kupitisha vidole vinne. Akaketi kwenye kiti, akaukunja mguu kidogo, akaufikia usukani viwiko vikiwa vimelegea. Akaondoka anapiga mluzi.

Ndipo nilipoelewa. Haikuwa kazi, wala barabara, wala uanamke wangu. Ilikuwa fremu. Walikosea kipimo cha baiskeli, wakaandika kwamba mwanamke ndiye asiyefaa.

Nikamwambia baba yako, "Umeona?"

Akasema, "Nimeona nini?"

"Inamfaa yeye. Ilikuwa yake tangu mwanzo. Nenda ukawaambie wanitafutie fupi, goti litapona."

Baba yako akatazama chini. Akasema, "Mama Rehema, tuache. Watu wameshasema." Alikuwa mtu mwema, ulimpenda na mimi nilimpenda, lakini siku ile sikumpenda. Angeweza kwenda. Alikuwa na miguu miwili mizima. Nami ningeweza kumtuma mtu mwingine, au kungoja nipone nikaende mwenyewe, nikasimame pale ofisini niseme. Sikwenda. Goti lilipona lilivyopona, nikarudi shambani, na kila mwaka uliopita nikaona aibu zaidi kurudisha habari ya zamani. Baada yangu, hawakumchagua tena mwanamke kwa kazi ile pale kwetu mpaka watu walipoanza kusahau kwa nini. Hiyo ndiyo sehemu inayonifanya nisage meno. Neno langu moja la uongo, "inanifaa," halikuniumiza mimi peke yangu.

Halafu unakumbuka tulivyohamishiwa kijiji kipya. Nyumba zikapimwa kwa kamba, mlango huku, jiko kule, zote sawa. Mama mwenye watoto wanane na bibi kizee anayeishi peke yake, chumba kile kile. Mimi sikukataa ujamaa. Nilibeba mabati kichwani na mguu huu, nililima shamba la wote, nilipenda kusikia watoto wengi wakisoma kwa sauti moja kwenye shule tuliyoijenga wenyewe. Lakini kugawana sawa si kuvalishana kiatu kimoja. Nilimwambia hivyo aliyekuwa akipima, akasema, "Mama, kamba ni moja." Najua kamba ni moja. Miguu ndiyo isiyolingana. Kwa hiyo leo Katibu aliposema "kila mtu," nilisikia ile kamba tena, na pengine ndiyo sababu nilipandisha sauti kuliko ilivyostahili. Pengine. Siombi radhi bado.

Na huko unakokwenda si Rudewa. Mikumi ni nyika. Tembo wanavuka barabara wanapotaka, na tembo hapigiwi kengele. Ukimwona mbele yako unatakiwa usimame palepale, ushuke bila kishindo, ugeuze, urudi ulikotoka. Ukiwa juu ya ile inchi ishirini na nne, na gunia la mbegu kwenye keria linakuvuta nyuma, utashukaje? Utamwomba tembo akuletee kichuguu?

Basi baada ya ugomvi wetu, ulipokwenda kuwaaga rafiki zako, mimi nilirudi dukani. Wewe hujui hili. Nilimkuta Mzee Saidi anafunga keria kwenye ile ndefu. Nikamwambia, "Acha. Una fupi?"

Akasema, "Ipo moja, inchi ishirini, imetundikwa nyuma. Hakuna anayeitaka, watu wanaona ni ya watoto."

"Ishushe."

Akaishusha, akaipangusa vumbi. Mimi na wewe urefu wetu mmoja, urefu huo umeutoa kwangu, usiutafute kwingine. Nikapandisha kanga nikasimama katikati, mbele ya wateja, na goti langu hili. Nyayo zote mbili chini. Vidole vinne vikapita. Rehema, sijui nikueleze vipi. Nilisimama pale, bomba la baiskeli kati ya miguu, nikaanza kulia kwa hasira, maana kumbe ni jambo jepesi hivyo. Mtu anasimama, anatazama visigino vyake, basi anajua. Ilikuwa inahitaji muda mfupi kuliko wa kupiga vigelegele.

Nikamwambia Mzee Saidi, "Hamishia keria huku. Anachukua hii."

Akaniuliza, "Mwenyewe yuko wapi?"

"Mimi ni mama yake."

"Najua mama. Nauliza mwenye kuendesha."

Nilimkasirikia naye. Nilimwambia auze vyuma aache kuuliza maswali. Lakini nilipofika nje, nikasimama. Mwenyekiti alinichagulia mimi. Katibu anakuchagulia wewe. Na mimi hapa nimekuja kwa mlango wa nyuma kukuchagulia vilevile, ili kesho uamke ukute baiskeli usiyoiomba na useme tena, kwa tabasamu lile lile, inanifaa. Nikarudi ndani nikamwambia asihamishe keria. Hakunicheka, namshukuru kwa hilo.

Kutoka hapo nikamtafuta Katibu. Nilimkuta hotelini anakunywa chai na vitumbua. Alinyanyuka kunipisha kiti, adabu anayo, sitamnyima hiyo. Nikamweleza habari ya goti langu, yote, kama nilivyokuandikia wewe, ila bila kupaza sauti. Alisikiliza mpaka chai ikapoa. Kisha akasema, "Mama, pole sana. Lakini nimeshawaambia wanakijiji nawaletea baiskeli kubwa. Nikirudi na ndogo watasema nimewapunja."

Nikamjibu, "Na ukirudi na bibi shamba aliyevunjika?"

Akasema, "Binti yako amesema inamfaa. Mimi nimsikilize nani, yeye au wewe? Akija yeye, akaniambia kwa kinywa chake kwamba hii ni kubwa, nitachukua ndogo na wanakijiji nitawaeleza mwenyewe. Kwa kinywa chake, mama. Si chako."

Nilitaka kumtukana, nikakosa la kumtukania. Lilikuwa neno la kwanza la maana kusemwa siku nzima ya leo.

Kwa hiyo mambo yamesimama hapo. Nimewaomba wote wawili, wamekubali. Mzee Saidi atafungua duka mapema kabla ya gari kufika, baiskeli zote mbili zitakuwa nje, na keria itafungwa kwenye ile utakayoisema wewe. Katibu atakuwepo. Wapita njia watakuwepo pia, wanapenda sana mambo yasiyowahusu.

Najua unachoogopa. Unaogopa huyu mtu ndiye utakayefanya naye kazi, na hutaki siku ya kwanza aseme bibi shamba ni mkorofi kama mama yake. Nakuelewa. Nami niliogopa vivyo hivyo, nikawa mpole, nikapewa sukari. Wakulima wa huko watakuja kukuuliza kama mbegu hii inafaa udongo wao. Utawajibu kwa kutazama nyuso zao zinataka nini, au utainama ushike udongo? Anza na mwili wako. Kimo chako si kosa ulilofanya. Bomba likikubana, sema linanibana. Usukani ukiwa mbali, sema uko mbali. Husemi vibaya juu ya mtu, unasema habari ya chuma.

Kesho nitakuja nawe, nitabeba mzigo wako. Sitasema neno, hata Katibu akianza, hata wewe ukinitazama. Hilo litaniuma kuliko goti, lakini nimeapa. Panda zote mbili, uzunguke nazo mpaka relini na kurudi, ushike breki, uteremke, ndipo useme. Ukiichagua ile ndefu kwa sababu umeipanda na miguu yako imekuambia ndiyo, nitaisukuma mwenyewe hadi kwenye gari. Ukiichagua kwa sababu watu wanatazama, nitaisukuma pia, kwa kuwa wewe ni mwanangu na huna mwingine wa kukusukumia. Ila usitegemee nitapunga mkono gari likiondoka.

Ni mimi mama yako mwenye hasira,
Asha binti Omari